Naandika riwaya ya watoto kuhusu Mombasa 1696, historia inanimeza, nisaidieni

mtunzi_tanga:
Habari zenu wadau, naombeni mawazo. Naandika riwaya ya vituko kwa watoto wa miaka 10 mpaka 14 hivi, stori iko Mombasa wakati Waomani wameizingira Ngome ya Yesu, ile ya Machi 1696 mpaka Desemba 1698, miezi 33 watu wamefungiwa mle ndani na njaa na maradhi. Shujaa wangu ni mtoto wa mjini, nimemwita Mbwana. Nimesoma kila nilichoweza kukipata, ngome ilianza kujengwa 1593, aliyeichora ni Mtaliano Cairati, mpaka majina ya buruji zake (zile pembe za ukuta zilizochomoza nje) nimeyashika kichwani. Sasa nikampa mpwa wangu wa darasa la sita asome, kafika sura ya pili akaniuliza, "mjomba, kwani vita vinaanza lini?" Sura ya pili yote ni maelezo Wareno walifikaje pwani, kurasa 14. Nikiyatoa naona hadithi itaning'inia hewani, nikiyaacha ndo kitabu cha darasani hicho. La pili, nani awe adui? Wareno, au Waomani? Na vile vitu vidogo vidogo, wanakula nini, wanavaa nini, mnavitoa wapi nyie mlioandika za zamani?

kalamu_moto:
Mkuu, mpwa wako kashakuhariria kitabu bure. Ile sura toa yote, usipunguze, toa. Mbwana hajui Cairati ni nani na wala hamhusu. Muulize Mbwana anataka nini asubuhi ile majahazi ya Waomani yanapoonekana. Akikujibu "nataka kuikomboa Mombasa" ujue hapo anaongea mwandishi, sio mtoto. Mtoto anataka kitu kidogo, mfano dada yake anafanya kazi jikoni ngomeni, kaingia alfajiri kama kila siku na lango limefungwa yuko ndani. Basi, riwaya unayo. Kila unachokijua kuhusu ngome sasa kinapata kazi, unene wa ukuta unakuwa tatizo la Mbwana, buruji inakuwa mahali anapoweza kuonekana na mlinzi. Kile ambacho hakimzuii wala hakimsaidii kiache kwenye daftari lako hata kama ulikitafuta mwezi mzima, inauma lakini ndo kazi yenyewe. Ukiona roho inakataa kabisa, weka kurasa mbili za maelezo mwisho wa kitabu, watakaotaka watasoma.

bin_mvita:
Mimi niongee hilo la adui kwa sababu ndo watu wengi wanapoharibu. Tafadhali usituletee Wareno wabaya upande mmoja na Waswahili wote upande wa pili, haikuwa hivyo. Watu wa Pate walikuwa na Waomani, Faza walikuwa na Wareno, na Faza na Pate ni kisiwa kimoja hao! Malkia Fatuma wa Unguja naye alikuwa upande wa Wareno, akawa anapeleka chakula ngomeni, na vita vilipoisha Waomani wakamchukua mpaka Oman.

Afu kuna kisa ambacho sijui kwa nini hakuna aliyekitengenezea sinema. 1697 maradhi yamefagia ngome, Wareno wamekufa mpaka kapteni wao naye akafa, na aliyebaki anashika ngome ya mfalme wa Ureno ni Bwana Daud wa Faza, na jamaa zake kama 17, wanaume wachache na wanawake wa Kiafrika kama 50. Yaani kwa wiki kadhaa, mpaka msaada ulipofika Septemba, Waomani nje wanapigana na ngome ya Wareno ambayo ndani karibu yote ni Waafrika. Huyo dada wa jikoni anayesema kalamu_moto ni mmoja wa hao 50! Sasa muulize Mbwana adui wake ni nani, na yeye nyumbani kwao baba anawashangilia Waomani. Usimjibie, muache ahangaike nalo kitabu kizima.

jogoo_la_mjini:
watoto wa siku hizi historia hawataki bana, weka mazombi ngomeni uuze

kalamu_moto:
@jogoo_la_mjini ngome imejaa maiti, chakula kimeisha, usiku watu wanapanda ukuta. Mazombi ya kazi gani tena

dada_nyaraka:
Kwenye vitu vidogo vidogo ngoja nikupunguzie kazi kidogo. Chakula kwanza maana ndo kinachomuumbua mwandishi haraka. Usimpe Mbwana sima ya mahindi kila siku, wala muhogo, wala mchuzi wa nyanya. Hivyo vyote asili yake ni bara la Amerika na hata kama Wareno walishaanza kuvileta havikuwa bado chakula cha kila nyumba. Mpe mtama, mawele, wali (mchele mwingi ulikuwa unatoka Pemba, kwa hiyo ukitaka njaa iingie mjini kata njia ya Pemba), samaki, nazi, ndizi. Na harufu ya karafuu kutoka mashamba ya Unguja futa, mikarafuu imekuja miaka ya 1800 mwanzoni huko. Nimeona hadithi kibao zina karafuu karne nzima kabla.

Ukipata nauli nenda ngomeni kwenyewe, usiende tu kupiga picha ukutani. Kuna vitu vilivyotolewa kwenye Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama hapo mbele ya ngome 1697 ikija kuokoa, wataalamu wa kuzamia waliichimbua kuanzia 1977 mpaka 1980. Simama mbele ya kabati lile uchague kitu kimoja tu, kimoja, ambacho mtoto angeweza kukishika mkononi, kiandikie. Meli nzima itakushinda.

Lugha, andika Kiswahili cha kawaida. Ukimwongelesha Mbwana kama utenzi wasomaji watakukimbia. Lakini wewe mwenyewe soma ya zamani usikie mdundo, Utendi wa Tambuka ni wa 1728, miaka 30 tu baada ya vita vyako, na kule Goa, makao ya Wareno huko India, kuna barua za Kiswahili kwa hati za Kiarabu za kuanzia 1711 zilizotoka Kilwa. Kwa hiyo Mbwana aliyepita chuo cha Kurani kusoma barua ya siri ni kitu kinachowezekana kabisa, hiyo nakupa bure 😄

mtunzi_tanga:
Jamani nimesoma yote na nimeshaitoa ile sura, kurasa zote 14. Dada wa jikoni nimemchukua pia, namwita Mwanaisha. Sasa nakwama hapa, nataka Mbwana aende usiku mpaka chini ya ukuta upande wa bahari, pale penye ile njia iliyochongwa kwenye mwamba, ampelekee dada yake chakula. Nimeandika "usiku wa giza nene" ila sijui kama inatosha, na maji yatakuwa wapi saa hizo?

kusi_na_kaskazi:
Haitoshi mzee, na hapo ndo una utamu wenyewe. Acha tarehe za Kizungu, Mbwana hazijui, tumia mwezi wa kiislamu halafu kila kitu kinajipanga. Waomani walifika 13 Machi 1696, ukipiga hesabu ni kama tarehe 8 Shaabani 1107, mwezi nusu, maji mafu, yaani hayajai sana wala hayapwi sana. Wiki tatu mbele Ramadhani imeingia, mji umefunga na mizinga inalia, hilo umeliwaza? Hapo kaskazi inakatika inakuja kusi, na kwa kusi meli haiji moja kwa moja kutoka Goa, ndo maana msaada wa kwanza ulifika Desemba. Mwanaisha akiwa ndani akiona upepo umegeuka anajua hakuna anayekuja, huna haja ya kumweka Mreno mzee aelezee.

Sasa usiku wako. Maji yakijaa sana Mbwana atasombwa, anataka bamvua, maji yakipwa yanatoka kabisa anapita kwenye mwamba. Bamvua ni mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na kwa pwani yetu siku hizo maji yanakupwa kama saa nne, ya asubuhi na ya usiku. Chagua basi. Akienda mwezi mpevu anaona pa kukanyaga lakini na mlinzi wa juu anamuona kama mchana. Akienda mwezi mwandamo haonekani ila haoni kitu na miamba ile inakata miguu. Na vyovyote vile ana masaa machache kabla maji hayajarudi, maana bamvua pale yanapanda zaidi ya mita 3, akichelewa kurudi njia hana.

Na mwisho wa kitabu, ngome ilipochukuliwa usiku wa kuamkia 13 Desemba 1698, hiyo ni kama tarehe 9 Mfungo Tisa (Jumada ya pili). Mwezi wa siku 9 unatua baada ya saa sita usiku, kwa hiyo alfajiri kabla ya jua kuna giza la kweli, hilo "giza nene" lako liweke hapo. Ndani walikuwa wamebaki wanajeshi kama kumi tu. Na meli za msaada za Wareno zikafika siku chache baadae, zikaona bendera ya Waomani juu ya ukuta zikageuza kwenda Msumbiji.

mtunzi_tanga:
Mwezi mpevu. Aonekane.

bin_mvita:
Na anayemuona awe mtu wa Faza, sio Mreno. Ukimaliza sura hiyo tupia hapa tuisome.