Wahariri wa slaidi Nairobi, nani aliwaambia sura ya mtu husukumwa kama chapati?

Wadau, salamu baadaye. Kila Jumamosi ukumbini kuna slaidi za harusi, na karibu zote ni aibu. Picha ya kwanza imejaa skrini, ya pili ina mistari mieusi pembeni, ya tatu bibi harusi kapanuliwa mpaka shangazi zake wanaulizana huyo ni nani. Pembe za duara kwenye picha hii ni kama ukucha, inayofuata ni kama sahani. Na kuna mtu amelipwa! Kwenye ibada za kuaga ni yale yale. Marehemu hawezi kulalamika, basi nalalamika mimi.

Ugonjwa ni mmoja: mnaweka maski (kile kiolezo kinachoficha pembe na kingo za picha) kwanza, ukubwa baadaye. Pigeni hesabu. Picha ya kamera ni pikseli 6000 kwa 4000, nawe umeiviringa pembe kwa nusu kipenyo cha pikseli 40. Ikishushwa hadi upana wa slaidi, pikseli 1920, pembe zinabaki 12.8, hakuna atakayeziona. Picha ya WhatsApp yenye upana wa 1600 ukiipandisha hadi 1920, zile 40 zinakuwa 48. Ukungu wa kingoni nao hupanuka na kusinyaa vivyo hivyo. Msisingizie programu.

Picha kwanza inyooshwe mwelekeo, kisha ipewe ukubwa, ikatwe, ndipo ivishwe maski. Mwelekeo unatangulia kwa sababu simu nyingi hazigeuzi pikseli zenyewe, zinaandika tu ndani ya faili kwamba picha igeuzwe. Programu isiyosoma maandishi hayo itamlaza babu wa watu ubavu mbele ya ukoo mzima. Maski nayo ni moja kwa picha zote: faili la PNG la 1920 kwa 1080, nyeupe panapoonekana, nyeusi panapofichwa. Na mnaohifadhi JPEG baada ya maski halafu mnashangaa pembe zimekuwa nyeupe: JPEG haina uwazi, haiwezi kubeba sehemu ya picha inayopitisha kilicho nyuma yake. Ama hifadhi PNG, ama bandika picha juu ya rangi ya slaidi kwanza, ndipo uitoe JPEG.

Kukata ndiko kunakoua watu. Picha ya kamera ya 3:2 (upana kwa urefu) ikijazwa kwenye 1920 kwa 1080 inapoteza pikseli 200 za urefu, si haba lakini inavumilika. Ya simu, 4:3, inapoteza 360. Ukikata katikati, 180 zinatoka juu, na juu ndiko kuliko vilemba na vichwa vya walio warefu. Picha ya wima ya 3000 kwa 4000 usiijaze kabisa: inakuwa 1920 kwa 2560, unatupa zaidi ya nusu. Ishushe iwe 810 kwa 1080, iweke katikati, na zile 555 za kila upande zijaze kwa nakala ya picha hiyo hiyo iliyotiwa ukungu mzito. Amua hivyo kwa picha zote za wima, si mbili ukungu na tatu weusi.

Halafu ulizeni ukubwa wa picha wa projekta ya ukumbi kabla ya kuanza! Ya 1280 kwa 800 itaacha ukanda wa pikseli 40 juu na 40 chini, hilo si tatizo. Ile ya zamani ya 1024 kwa 768, fundi akibonyeza ijaze skrini, duara lako linakuwa yai.

Mchangiaji: Mkuu, unaongea kama picha zinakuja zimepangwa. Mteja anatuma 120 kwa WhatsApp Ijumaa usiku, wima na mlalo zimechanganyika. Nani atafungua moja moja?

Mleta uzi: Bosi, hakuna wa kufungua moja moja. Mwambie mteja atume kama hati, si kama picha, zije na ukubwa wake. Tenganisha folda mbili, wima na mlalo. Kwenye folda ya mlalo, ImageMagick (programu ya kuhariri picha kwa amri za kuandika), mstari mmoja:

magick mogrify -path tayari -auto-orient -resize "1920x1080^" -gravity north -extent 1920x1080 -quality 90 *.jpg

Nimeweka north ili kinachokatwa kiwe miguu, si vichwa. Alama ya ^ ndiyo inayojaza fremu bila kuvuta sura. Kwenye Windows usiiache bila zile alama za kunukuu, itamezwa, na picha zitatoka na nafasi tupu. Folda ya tayari itengeneze mapema. Ukisahau -path, mogrify inaandika juu ya faili asili, na hapo utampigia mteja usiku huo huo kuomba zile 120 upya.

Mchangiaji: Na PowerPoint ikizibana tena?

Mleta uzi: Itazibana. Nenda kwenye mipangilio ya faili, uizuie isibane picha. Ukiiacha kwenye pikseli 96 kwa inchi, slaidi ya inchi 13.33 inakupa upana wa 1280, na kazi yote ya juu umeimwaga.