Naomba ushauri: IST imebadilishwa sili ya krenki na bado inavuja oili

Habari zenu wakuu, naombeni msaada hasa mafundi na wenye uzoefu na injini ya 1NZ.

Nina Toyota IST ya 2004, inavuja oili pale injini inapokutana na giaboksi. Fundi wa kwanza akasema gasketi ya tapeti kava (mfuniko wa juu wa injini), ikabadilishwa, juu pakakauka ila chini matone yakabaki palepale. Wa pili akashusha giaboksi akaweka sili mpya ya krenki ya nyuma (mpira unaozuia oili isitoke krenki inapotokea upande wa giaboksi), ikatulia nikajua yameisha, nikaenda nayo Moro kurudi Dar nakuta imelowa tena na oili kwenye dipstiki imeshuka. Sasa anataka kushusha tena na hela ya ufundi nitoe mimi, kwa kweli inaniuma.

Kuna jamaa kanambia valvu ya PCV (inayotoa gesi ndani ya injini) ikiziba, presha inajaa ndani ya injini inasukuma hata sili mpya, na hiyo valvu hakuna aliyeigusa. Moshi haitoi, oili natumia 5W-30.

Je, nianze na PCV kabla ya kukubali giaboksi ishushwe? Na nitajuaje kama inayovuja ni sili yenyewe au ni sampo (bakuli la oili chini ya injini) imepakwa silikoni vibaya?

Natanguliza shukrani.