Kadi ipi ya mkopo kwa safari ya meli kutoka Galveston: ya kampuni ya meli, Venture au Sapphire Preferred?

BintiMachame (Dallas)
Habari za wikendi, wapendwa. Julai mwakani tunataka kuwapandisha watoto meli ya kitalii, Galveston (Texas) hadi Cozumel (Mexico) na kurudi. Tuko wanne, na gharama inakaribia dola 4,200. Nimebaki na kadi tatu mezani: ya kampuni ya meli yenyewe, haina ada ya mwaka na inatoa pointi 2 kwa kila dola unayolipa kwao, Capital One Venture, ada dola 95 kwa mwaka, na Chase Sapphire Preferred, nayo 95. Kinachoninyima usingizi ni mama. Yuko Moshi na ana presha ya siku nyingi. Akizidiwa wiki ya safari, mimi napanda ndege kwenda nyumbani, habari za meli zimeisha. Sitaki hela yote ipotee. Nipeni mwongozo.

Mpiga_Hesabu (Columbus)
Dada, pointi zisikusumbue, zote zinatoka sawa. Kadi ya meli: 4,200 mara 2 ni 8,400. Venture inatoa maili 2 kwa kila kitu, 8,400 tena, na ukizitumia kufuta gharama ya safari kwenye akaunti kila maili ni senti 1, yaani dola 84. Sapphire inatoa pointi 2 kwa safari unayolipia moja kwa moja, na meli imo. Namba ileile.

Sasa tazama riba. Ukibeba deni la dola 4,200 kwenye kadi yenye riba ya asilimia 24 kwa mwaka, mwezi wa kwanza peke yake unadaiwa riba ya dola 84. Pointi zote zimeliwa ndani ya mwezi mmoja. Kama hela ya kumaliza deni lote haipo mkononi, subirini hadi ipatikane.

Penye hela hasa ni bonasi ya kujiunga. Venture mara nyingi hutoa maili 75,000 ukitumia dola 4,000 ndani ya miezi 3 ya mwanzo, sawa na dola 750. Hakikisha ofa ya siku unayoomba. Na kalenda ni muhimu: kianzio unalipa leo, salio linadaiwa miezi miwili mitatu kabla ya kuondoka. Ukifungua kadi siku ya kianzio, dirisha la bonasi litafungwa kabla hujalipa salio.

Nesi_wa_Usiku (Houston)
Mpiga_Hesabu umesema vizuri, ila dada ameuliza habari za mama, na hapo kadi hizi hazifanani hata kidogo. Venture ya kawaida haina bima ya kughairi safari. Sapphire Preferred inayo, hadi dola 10,000 kwa mtu na 20,000 kwa safari, na ugonjwa wa mzazi asiyesafiri nawe unaweza kuwa sababu halali.

Lakini soma kijitabu chake mpaka mwisho. Bima za kadi huondoa ugonjwa uliokuwepo kabla. Presha ya mama iko kwenye faili lake kwa daktari. Akipata kiharusi, wa kwanza kuulizwa ni daktari huyo, na jibu lake linaweza kulizika dai lako.

Dawa yake ni bima ya safari ya kununua mwenyewe. Nyingi zinakubali kupuuza hali ya zamani ya kiafya, kwa sharti kwamba uinunue mapema, kwa kawaida ndani ya siku 14 hadi 21 tangu ulipe kianzio, na ulipie bima safari yote. Ukichelewa, nafasi hiyo imekwenda. Waulize waziwazi kuhusu mzazi asiyesafiri, jibu ulipate kwa maandishi.

Jingine: zahanati ya melini inakutoza wewe, bili inaingia kwenye akaunti yako ya chumba. Kumtoa mgonjwa baharini kwa helikopta au ndege ni maelfu ya dola, na Sapphire Preferred hailipii hilo. Bima uliyonunua iwe na kipengele hicho. Hili kwangu ni kubwa kuliko pointi zote za dunia.

BabaJunior (Minneapolis)
Nakazia kitu kidogo. Siku ya kupanda usiwape kadi ya debiti kwa matumizi ya melini. Wanashikilia kiasi fulani kwenye akaunti yako, na benki inaweza kuchelewa kukiachia hata baada ya kushuka. Yalinikuta, na kodi ya nyumba ilikuwa inasubiri. Toa kadi ya mkopo. Na Cozumel wakikuuliza mashineni peso au dola, chagua peso. Kadi zote mbili za dola 95 hazitozi ada ya kulipia nje ya nchi.

Mwana_Kibokoni (Leicester)
Kwa mlioko Uingereza, bima ya kadi si ya kwanza kutazama. Sheria ya Consumer Credit Act ya 1974, kifungu cha 75, inaifanya kampuni ya kadi iwajibike pamoja na muuzaji kwa kitu kinachozidi pauni 100 hadi pauni 30,000. Ukilipa hata kianzio tu kwa kadi ya mkopo, kinga inashika safari nzima. Ila ukipitia wakala, ulizeni kwanza, mnyororo wa wewe, kampuni ya kadi na muuzaji ukikatika, kinga nayo inaweza kukatika.

BintiMachame
Asanteni sana. Nesi, kumbe nilikuwa naiegemea Sapphire kwa sababu isiyomsaidia mama. Je, nilipe kianzio kwa kadi moja na salio kwa nyingine?

Nesi_wa_Usiku
Kama unategemea bima ya kadi, usigawe. Siku ya madai unataka risiti zote zitoke kadi moja. Ukiwa na bima yako ya pembeni, gawa upendavyo.

Mpiga_Hesabu
Basi hesabu imebadilika. Bima ya pembeni ikishamfunika mama, sababu kuu ya kuchukua Sapphire imeondoka. Lipa kianzio kwa kadi uliyonayo, nunua bima wiki hiyohiyo, halafu omba Venture wiki chache kabla ya tarehe ya salio. Salio likipungua kidogo chini ya dola 4,000, manunuzi ya chakula yatajazia. Kadi ya meli iache, labda mkipenda kurudi kila mwaka.

BintiMachame
Kianzio nalipa Ijumaa. Jumamosi nawapigia watu wa bima, na swali la kwanza ni la mama.