Mwenye nyumba anaingia ndani nikiwa sipo, nikitaka kuhama ananionesha mkataba

Wakuu, nina hasira, mnivumilie.

Mwenye nyumba wangu ana ufunguo wa akiba. Kuwa nao si kosa, bomba likipasuka nikiwa safarini nitashukuru mtu akifungua. Ila huyu anaingia anavyojisikia. Narudi kazini nakuta pazia limefunguliwa, kabati liko wazi, sakafuni kuna nyayo za viatu ambavyo si vyangu. Nikimuuliza: "Nilipita kuangalia kama mambo yako sawa." Mambo gani, mzee? Chupi zangu nilizoanika bafuni?

Nikachoka. Nikamwandikia kistaarabu kwamba nahama kabla ya mkataba kuisha, nikamweleza na sababu. Majibu yake: mkataba ni mkataba, lipa kodi ya miezi yote iliyobaki, na amana usahau.

Sasa sikieni hili. Juzi nimetoka zamu ya usiku, nimelala, nasikia ufunguo unazunguka kitasani. Nachungulia sebuleni, yuko na watu wawili nisiowajua anawaonesha jiko na kuwasifia maji hayakatiki. Mimi nimesimama na shuka kiunoni! Hata samahani hakuna. Akawaambia tu, "Huyu anaondoka karibuni."

Yaani mimi siruhusiwi kuondoka, ila mpangaji mpya keshaanza kutafutwa. Hao wakiingia watalipa kodi, na mimi niendelee kulipa kodi ya nyumba hiyohiyo. Huo ni wizi, hata kama umegongwa muhuri.

Kinachoniudhi zaidi ni watu wanaosema "nyumba ni yake, ana haki". Hapana. Ukishapangisha, umiliki unabaki kwako lakini matumizi umeyauza kwa muda. Azimio la Haki za Binadamu la 1948, ibara ya 12, linakataza mtu kuingiliwa kiholela faraghani na nyumbani kwake, na halikusema nyumba aliyoijenga mwenyewe. Uingereza, sheria ya 1985 inamtaka mwenye nyumba anayekuja kukagua hali ya nyumba atoe taarifa ya maandishi saa 24 kabla, na aje saa za kawaida. California nako ni taarifa ya maandishi, saa 24 zinahesabika kuwa muda wa kutosha, dharura ikiwa kando. Kenya, Sheria ya Ardhi ya 2012 inamhakikishia mpangaji anayelipa kodi na kutimiza masharti yake akae kwa amani bila kusumbuliwa na aliyempangisha, hata kama mkataba wenyewe haukuliandika hilo.

Kwa hiyo akinipungia mkataba usoni, namuuliza: ule upande wako umeusoma? Au unanifunga mimi peke yangu?

Na hiyo amana. Amana ni ya kufidia uharibifu na madeni, si zawadi ya mwenye nyumba kwa kukasirika. Kuhusu miezi iliyobaki, sheria zinatofautiana, sitawadanganya. California, mwenye nyumba hapati kile ambacho angeweza kukiokoa kwa kutafuta mpangaji mwingine. Na katika nchi nyingi zinazofuata mfumo wa sheria wa Kiingereza, akipokea funguo kwa kukubali kwamba umeondoka kisha akampangisha mwingine kwa faida yake, mkataba wako umekwisha na kodi inakoma kuhesabika hapo.

Kuna jamaa kazini kanishauri nigome kulipa kodi mpaka aache kuingia. Sitaki. Nikigoma, kesho yeye ndiye mlalamikaji na mimi ndiye mdaiwa sugu. Nalipa kwa tarehe, nahifadhi risiti, na kila akiingia namtumia ujumbe palepale: "Leo umeingia bila taarifa, sikuwepo." Mara moja akajibu "ndiyo, nilikagua". Huo ujumbe nimeutunza kuliko cheti cha kuzaliwa. Siku ya kutoka nitapiga picha kila ukuta, na funguo nitamkabidhi mbele ya shahidi akiwa amesaini.

Tafadhali msiniambie "ongea naye vizuri". Nimeongea. Ninayemtaka hapa ni mtu aliyewahi kuhama mapema kwa sababu ya mwenye nyumba kuingia ovyo, akafika baraza la nyumba au mahakamani: ujumbe wa simu ulikubaliwa kama ushahidi? Na amana ulirudishiwa yote, au walikukata?