Mfupa wa muundi haujashika mpaka leo, kuna mtu ashapitia haya?

BintiMkomani
Asalam alaykum jamaa zangu, niko Lamu hapa naomba munsaidie mawazo. Ndugu yangu aligongwa na bodaboda upande wa Mokowe kabla ya Ramadhani, muundi wa mguu wa kulia ukavunjika mpaka mfupa ukatokeza nje. Akapelekwa hospitali (jina sitaji), akasafishwa akatiwa chuma ndani, tukaambiwa miezi minne mitano atakua atembea. Sasa Ramadhani imekwenda, Idi zote mbili zimekwenda, Maulidi nayo ishapita na yeye bado yuko na magongo. Akikanyaga asema ndani kwauma na kuna kitu chacheza, na katikati ya muundi kuna kitundu kidogo cha kupita sindano, chakauka wiki mbili tatu alafu chafunguka tena chatoa maji ya manjano yanuka kidogo. Kila tukienda kliniki ni eksirei na maneno ni yale yale, bado, rudini mwezi ujao. Ammi ataka tumpeleke kwa mzee wa kuunga mifupa huko bara amkande na mafuta ya simsim, mama naye kila siku supu ya miguu ya mbuzi na vidonge vya kalsiamu, mwenyewe kashachoka asema hicho chuma kitolewe tu basi. Tushike lipi? Na kweli kuna mfupa ambao haushiki kabisa?

fizio_mlindi
Pole sana dadangu. Mimi ni fizio (mtaalamu wa mazoezi ya viungo) huku Malindi, si daktari wa mifupa, lakini miguu ya hivi napokea sana. Hicho kitundu ndio habari yote, eksirei weka kando kwanza. Mfupa ulitokeza nje siku ya ajali, ukatiwa chuma, kisha ngozi yafunga yafungua yatoa maji, mpaka ithibitishwe vingine hio ni infeksheni iko ndani kwenye mfupa. Wadudu wakishika kwenye chuma hujifanyia utando juu yake na dawa ya kumeza haiwafikii vizuri, ndio mana akinywa antibiotiki kitundu chafunga, dozi ikiisha chafunguka.

Kwa hivyo musimnunulie tena antibiotiki za kimisti. Zikiwa mwilini sampuli ikipelekwa maabara yaweza isioteshe kitu na daktari akose kujua ni mdudu gani, wengi hutaka mgonjwa akae kama wiki mbili bila dawa kabla ya kuchukua. Na sampuli ya maana ni ile ya ndani, theta (chumba cha upasuaji), vipande kadhaa vya mfupa na nyama, si ile ya kupangusa na pamba juu ya kitundu. Lakini akipata homa au mguu ukafura ukawa mwekundu hapo hakuna cha kungoja wiki mbili, ni hospitali usiku huo huo.

Ndio, kuna mfupa hukataa kushika, na muundi ndio mkorofi zaidi kwa sababu mbele hauna nyama ni ngozi tu, na damu yake si nyingi hasa ile theluthi ya chini. Madaktari wengi hungoja mpaka miezi tisa, na picha za miezi mitatu ya mwisho ziwe hazijabadilika, ndipo waseme rasmi umekataa. Lakini hesabu hio ni ya mguu mkavu, unaotoa usaha hauna haja ya kungojewa.

Ukiuliza kwa nini hukataa, aidha wacheza sana, au haupati damu, au una wadudu, na saa nyengine yote pamoja. Ule unaocheza lakini damu ipo, mwili hujitahidi kujenga pembeni mpaka kwenye picha ncha zimevimba kama mguu wa ndovu (na madaktari wenyewe ndivyo wauitavyo), huo si mgumu sana, chuma chembamba hutolewa kikatiwa kinene na mara nyingi washika. Ule uliokosa damu ncha zake zimechongoka, hapo hutolewa mfupa kidogo kwenye nyonga yake mwenyewe ukapandikizwa. Wa wadudu lazima usafishwe kwanza, ule mfupa uliokufa ukatwe wote, ukipandikiza juu ya uchafu umepoteza nyonga bure.

MzeeWaLangoni
Nyinyi watoto wa siku hizi mwawadharau wazee. Mke wangu alivunjika mkono akafungwa banzi na mzee tu, hakuna chuma hakuna theta, na mpaka leo asonga mikate ya watu. Huyo kijana chuma ndicho kimemuharibu.

fizio_mlindi
@MzeeWaLangoni mzee wangu siwadharau wallahi, mkono uliovunjika ngozi ikiwa nzima ukishikwa vizuri mfupa wajiunga wenyewe, banzi au piopi (plasta ngumu) kazi yao ni moja. Huu wa kijana ngozi ilipasuka na una usaha, kuukanda ni kuutikisa na kuutonesha, simsim haitaingia ndani ya mfupa. Hapo nakataa hata ukinkasirikia.

KikoiCheupe
Binamu yangu wa Shela lilimpata hilo hilo, aliangukiwa na mlingoti. Kukatwa ule mfupa mbovu likabaki pengo la vidole vitatu hivi, wakamvalisha zile pete za nje zenye nyaya zapita mfupani, za Ilizarov. Huyo Ilizarov alikua daktari wa Kurgan, Siberia huko, alianza miaka ya 1950 na wenzake wakimuona fundi tu mpaka akamtibu Brumel, yule mruka juu wa Urusi alieshinda dhahabu Tokyo 1964 kisha mwaka wa pili akaanguka na pikipiki, akapasuliwa mara chungu nzima mguu wakataa, kwa Ilizarov ukashika na akaruka tena. Ulaya magharibi hawakua na habari mpaka 1981, baada ya Muitaliano mmoja mpanda milima, Carlo Mauri, kwenda huko na mguu mbovu akarudi mzima.

Ifanyavyo kazi ni kwamba madaktari wakata mfupa ulio salama pahali pengine juu, kisha wausukuma polepole kuja kuziba pengo, milimita moja kwa siku, na nyuma yake mfupa mpya wajijenga. Binamu alikua akizungusha nati robo robo mara nne kwa siku, akaifunga na swala asisahau, alfajiri, adhuhuri, magharibi na isha, alasiri alipumzika 😂 Suruali hazipiti juu ya pete kwa hivyo ni kikoi mpaka mwisho. Nisikudanganye ni kazi ndefu, pengo likishazibwa mfupa mpya wataka miezi ugumu, na pale waya zaingilia ngozi husafishwa kila siku ama zitaoza. Alilia. Lakini leo atembea na chombo apanda.

BintiMkomani
Allah awalipe kheri. Fizio, ndugu yangu avuta sigara na kuberi (tumbaku ya mdomoni) pia atia, yahusu? Na alikua anywa diklofenaki kila siku kwa yale maumivu. Na hicho chuma tukitoe kama atakavyo?

fizio_mlindi
Yahusu sana. Nikotini yabana mishipa ya damu, na mfupa wenyewe hapo waililia damu. Sigara na kuberi zote zisimame, kuberi si nafuu ya sigara. Diklofenaki ya kila siku muulizeni daktari abadilishe, wengi hawapendi itumike muda mrefu mfupa ukiwa haujashika. Apimwe na sukari pia, watu wengi wanayo na hawajui. Supu ya mama anywe, protini yafaa, na kalsiamu haidhuru, lakini hakuna alieponywa usaha na kalsiamu.

Chuma kutolewa peke yake hapana, mguu ukibaki hauna kitu cha kuushika utazidi kucheza na infeksheni haitulii kwenye mfupa unaocheza. Kitatolewa, ila iwe kwenye mpango mmoja: kutoa, kusafisha, sampuli, kushika kwa nje, dawa wiki kadhaa kwa mdudu aliejulikana, ndipo kuujenga mfupa. Ombeni barua ya rufaa muende Mombasa, hospitali kuu ya Makadara, aonwe na daktari bingwa wa mifupa, na kabla ya kulazwa ulizeni SHA (bima ya afya ya serikali) italipia kipi na kipi mtoe wenyewe, hizo pete huwa ghali.

KikoiCheupe
Na kwenye basi la Mokowe mchukulieni siti ambayo mguu utanyooka. Bebeni picha zote, hata ile ya siku ya ajali, daktari atataka kuzipanga azilinganishe, binamu aliacha zake Shela ikabidi mtu arudi kuzifuata.

BintiMkomani
Ziko kwa ammi, naenda kuzichukua saa hii kabla hajazipeleka kwa yule mzee.