Gereji inafunga diski kubwa mbele, pedali inazama, kisha mteja anaambiwa apampu mara mbili: hili halikubaliki

Ndugu wanajamvi,

Nina malalamiko dhidi ya gereji moja ya Dar es Salaam. Sitaitaja jina kwa kuwa madai yangu bado yako mikononi mwao, lakini mtindo wao nimeusikia kwa wamiliki wengine wa magari madogo ya zamani, na umenikasirisha kiasi cha kutoweza kunyamaza. Mteja anaahidiwa kuboreshewa breki, anafungiwa diski na kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) kubwa mbele, analipa, kisha anakabidhiwa gari linalosimama vibaya kuliko lilivyoingia.

Gari langu ni Toyota Starlet EP82, lenye diski mbele na dramu nyuma, bila ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge unapokanyaga breki). Nalitumia kwenda Iringa, na anayeijua njia ile anajua kwamba wakati wa kurudi Dar unateremka Kitonga, mlima wenye kona kali na malori yanayotambaa mbele yako, ambako hata dereva anayeshuka kwa gia nzito hulazimika kugusa breki mara kwa mara hadi zinachemka. Ndiyo maana niliomba diski zenye njia za hewa katikati, za Starlet yenye turbo, kwa sababu zinapoa haraka kuliko diski bapa. Si ombi la ajabu. Spea hizo hupatikana mtumba, na kazi ikifanywa kwa utaratibu gari linafaidika kweli.

Nilipokabidhiwa gari, pedali ilikuwa laini na inazama karibu na sakafu, ikishika pale tu ninapoipampu. Nikaambiwa kwamba gari ni la zamani, kwamba pedi mpya bado hazijakaa, na kwamba nikipampu mara mbili itashika. Naomba kila fundi anayesoma hapa alitafakari jibu hilo. Mtoto akikatiza barabara ghafla, hiyo pampu ya pili itapatikana wapi?

Sikukubali kuliendesha. Lilivutwa hadi kwa fundi mwingine, na alipofungua magurudumu ya mbele alinionyesha kitu ambacho hata mimi nisiye fundi nilikielewa papo hapo: kalipa ya kulia ilikuwa imefungwa kushoto, na ya kushoto imefungwa kulia. Kwa kalipa hizo, niple ya kutolea upepo inatakiwa kuwa juu, kwa sababu upepo ndani ya mafuta hupanda juu. Zikibadilishwa upande, niple inaelekea chini, na hata ukitoa upepo kutwa nzima kitakachotoka ni mafuta tu, huku upepo ukibaki umenaswa juu ya pistoni. Mafuta ya breki hayasindiliki, lakini upepo unasindilika, na hapo ndipo nguvu yote ya mguu inapoishia. Zaidi ya hayo, mpira wa breki wa upande wa kushoto ulikuwa umesokotwa ili ufike, na kila usukani unapokatwa hadi mwisho ulikuwa unasuguana na tairi. Tayari ulikuwa na alama ya kulika.

Nyuma hawakugusa kabisa. Dramu zilipofunguliwa, virekebishi vya breki shuu (vipande vinavyobana dramu kwa ndani) vilikuwa vimeganda kwa kutu, na silinda ya gurudumu moja ilikuwa inavuja hadi shuu imelowa mafuta. Shuu zikiwa mbali na dramu, pedali lazima isafiri sana kabla ya chochote kushika, na hakuna diski ya mbele inayoweza kuponya hilo. Hii ilikuwa kazi ya kuangaliwa kwanza, kabla ya kuniuzia chochote.

Kuhusu masta silinda, yaani pampu kuu inayosukumwa na pedali kupeleka mafuta kwenye breki, nilipowauliza walinijibu kwamba haina uhusiano. Ina uhusiano mkubwa. Chukua mfano wa pistoni ya kalipa yenye kipenyo cha milimita 48, uibadilishe kwa yenye milimita 54: eneo lake linaongezeka kwa takribani asilimia 27, na kila safari ya pistoni hiyo itadai mafuta zaidi kwa kiwango hicho hicho kutoka kwenye masta silinda ile ile. Fundi makini hupima, hulinganisha, na kama ipo haja humshauri mteja aweke masta silinda kubwa zaidi, akimweleza pia kwamba hiyo itataka mguu wenye nguvu zaidi.

Mafuta nayo yalikuwa yametoka kwenye kopo lililokaa wazi gerejini. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi joto 205, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho kinashuka hadi 140. Kwa DOT 4 ni 230 na 155. Yakichemka mlimani yanatoa mvuke, na mvuke unasindilika kama upepo. Kumwekea mafuta ya aina hiyo mtu aliyesema wazi kwamba anashuka Kitonga ni kuhatarisha maisha yake na ya waliomo barabarani.

Nimewaandikia nikidai fedha za ufundi, gharama za kulivuta gari, na kalipa zangu za zamani ambazo waliziondoa bila kunirudishia. Jibu lao ni kwamba nilirudishe gari watoe upepo tena bure. Silirudishi. Nimepiga picha za kalipa, niple na mpira kabla ya kurekebishwa, na fundi wa pili yuko tayari kuandika alichokikuta. Kama kuna mwanajamvi aliyewahi kuidai gereji kwa kazi ya hatari kama hii, naomba anieleze alianzia wapi, ni vielelezo gani vilimsaidia, na kama alilipwa.