Je, kumulika ni kuangazia au ni kufichua?

Kila Mwenge wa Uhuru unapokimbizwa kote Tanzania na miradi kukaguliwa, tunasikia lugha ileile: Mwenge umemulika mradi wa maji, umemulika zahanati, wakimbiza mwenge wamegoma kuzindua barabara. Rafiki yangu mmoja anashikilia kwamba hiyo ndiyo maana ya asili ya neno: kumulika ni kufichua maovu. Ushahidi wake ni methali, "Ukimulika nyoka, anzia miguuni pako," na vile vitochi, yaani simu ndogo zenye tochi, ambavyo Wakenya huviita mulika mwizi. Mimi napinga, na ningependa wengine mchangie.

Tuanzie kwenye mzizi, maana ni wa kwetu wenyewe Wabantu. Mdudu yule anayewakawaka gizani tunamwita kimulimuli, na hamfichui mtu yeyote. Waganda wanasema okumulisa, kutoa mwanga. Wanyarwanda na Warundi wanasema kumurika, nao Wanyarwanda wamekwenda mbali zaidi: maonyesho ya biashara kwao ni imurikagurisha, yaani kumulika ukaunganisha na kuuza. Bidhaa inawekwa penye mwanga ili ionekane na ipendwe. Ubaya uko wapi hapo?

Nakubali jambo moja. Kumulika kuna mkono na kuna upande. Jua huangaza kote, lakini mwenye tochi ndiye anayeamua amulike wapi. Ndiyo maana nyoka na mwizi wameingia kirahisi. Lakini hao ni vitu vinavyomulikwa, si maana ya kitenzi. Hata usiku wa giza mama akikuambia "nimulikie," anataka aone njia, hakutumi umfumanie mtu.

Sasa Mwenge. Tarehe 22 Oktoba 1959 Mwalimu Nyerere alizungumza katika Baraza la Kutunga Sheria kwa Kiingereza, na alichotaja kuwekwa juu ya Kilimanjaro kilikuwa mshumaa. Katika Kiswahili ukawa mwenge, na kazi yake ikawa "umulike hata nje ya mipaka yetu": ulete matumaini, upendo na heshima. Mwenge wenyewe ulifikishwa kileleni na askari Alexander Nyirenda usiku wa Uhuru, Desemba 1961. Aliyechagua kumulika badala ya kung'aa alichagua vizuri mno, kwa sababu kung'aa kunaishia kwenye taa yenyewe, ilhali kumulika lazima kumfikie mwingine. Na huyo mwingine alikuwa jirani ambaye bado yuko chini ya mkoloni. Hakuwa mtuhumiwa.

Sisemi miradi isikaguliwe. Ikaguliwe, na fedha iliyoliwa itapikwe. Lakini kwa kazi hiyo tuna kukagua, kuchunguza, kufichua na kuumbua, maneno manne yenye afya njema. Waandishi wa habari wakiendelea kuandika "kumulika" kila mkandarasi anapobanwa, mtoto wa shule atakariri ile ahadi ya 1959 akidhani Tanganyika ilikuwa inatishia majirani.

Wa Pemba, wa Lamu na wa Bukavu, huko kwenu mtu akisema "namulikwa," anashukuru au analalamika?